Siku Moja Maishani Mwangu: Muonja Bia Nyeusi

Nikimwambia mtu kwamba kuonja bia ni sehemu ya kazi yangu, swali ni lile lile: "Hamuajiri?" Hata fundi wa viatu mtaani kwetu Donholm, Nairobi, ameniachia namba ya simu. Basi niwasimulie Jumatano iliyopita.

Saa kumi na moja alfajiri. Naoga kwa sabuni isiyonukia, sipaki mafuta ya marashi, mswaki napiga mapema kwa sababu dawa ya meno hung'ang'ania ulimini. Pilipili sijaigusa tangu Jumapili. Mama mkwe, anayeishi nasi, anaamini nina vidonda vya tumbo. Nimechoka kumweleza, nimemwacha aamini.

Saa moja niko Industrial Area, nimevaa gambuti. Kiwanda chetu ni kidogo, tuko watu saba, na nusu ya kazi ni kuosha. Unaosha tangi, unaosha mipira, unaosha sakafu, kisha unaosha ulichooshea. Saa mbili akaja mzee wa pikapu kuchukua machicha ya nafaka kwa ajili ya ng'ombe wake. Saa tatu tukaanza kupika.

Bia yetu nyeusi haitiwi rangi. Weusi unatoka kwenye shayiri iliyokaangwa hadi ikakaribia kuwa mkaa, na haihitajiki nyingi: katika kila kilo kumi za nafaka, kama moja tu. Kila tukifungua gunia natafuna punje mbili tatu. Zinavunjika kama karanga iliyosahaulika kikaangoni, zinaacha uchungu wa kahawa na majivu kidogo. Halafu kuna suala la mji wetu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Uchungu wa hopsi, yale maua ya kutia bia uchungu, hautoki sawasawa, inabidi kuchemsha zaidi. Mapishi ya vitabuni yaliandikwa na watu wa mabondeni.

Saa tano, kabla ya chakula, ulimi ukiwa macho, nikaonja tangi namba tatu. Ni bia nzito, asilimia 9. Nikafunika glasi kwa kiganja, nikaizungusha, nikainua kiganja na kunusa. Kahawa ipo. Sukari guru ipo. Na kwa mbali, nyuma ya hayo yote, bisi zilizotiwa siagi. Nikapiga funda dogo na kulimeza, maana uchungu wa bia unausikia kooni ikishuka. Siagi ilikuwepo.

Hamira huitoa harufu hiyo ikiwa kazini, na hamira hiyo hiyo huila baadaye, mradi usipoze tangi mapema. Bosi alitaka kutia kwenye chupa Alhamisi.

"Mzee, bado. Siku mbili tatu hivi."

"Chupa zimefika. Lebo zimefika."

"Na siagi pia imefika."

Nikaweka sampuli kwenye maji ya moto nusu saa. Harufu ikapanda hadi naye akaisikia. Akaondoka bila neno, na mimi ndiye niliyempigia simu mtu wa lebo.

Sasa mteja. Alitarajiwa saa tano na nusu, mnunuzi wa mkahawa mmoja, akaingia saa tisa alasiri. Marashi yake yalitangulia mlangoni. Kinywani bazoka, sikioni simu. Nikamkaribisha meza ya kuonjea, akauliza kwa nini asikae baa yetu ya mbele. Nikamwambia baa siku za kazi ni saa kumi na moja jioni, sheria ya vileo ya 2010, ile ya aliyekuwa mbunge Mututho. "Madam, kwani mimi si mteja?" akaniuliza. Lakini akakaa.

Nikammiminia ile tuliyomaliza mwezi uliopita, nyuzi 12 hivi, si baridi wala si moto. Akagusa glasi. "Hii ni ya moto. Nipe ya baridi." Nikamweleza kwamba baridi kali inaua harufu, utabaki na uchungu mtupu. "Basi weka barafu." Sikuweka. Akaonja, bazoka bado iko shavuni. "Imeungua. Hamna Coke nichanganye?"

Jamani. Wiki sita za tangi.

Akauliza kama ni mapishi ya Ireland. Nikamwambia hii yetu inafuata zile kali zilizopikwa London karne ya 18 na kusafirishwa hadi Urusi. Simu ikalia. Akatoka uani, akazungumza na mtu kuhusu ploti ya Kitengela kama dakika arobaini. Mimi niko pale na glasi, marashi yamejaa chumba, sampuli nyingine mbili nilizotakiwa kuonja zimeshaharibika kwa siku hiyo.

Aliporudi bazoka alikuwa ameitema. Akachukua glasi ile ile, sasa imeisha ubaridi wake kabisa, akanywa. Akanitazama.

"Umebadilisha."

"Sijabadilisha, bosi."

"Hii ni nyingine. Hii ina chokoleti."

Niliapa, hakuamini. Akanywa yote, akalamba povu mdomoni, akaagiza kegi nne. Za bia nyepesi. "Hii nyeusi watu wangu hawataielewa."

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Kuosha. Kuandika namba daftarini. Giza liliponikuta kwenye matatu, dada aliyekaa kando yangu alinusa mara mbili, akahamia kiti cha nyuma. Mafunda machache mchana kutwa, na nanuka kama sakafu ya kilabu.

Nyumbani githeri. Mama mkwe alikuwa ameniwekea yangu kando bila pilipili, na kikombe cha maziwa ya vidonda. Nikayanywa.