Mshale wa mafuta ulivyoamka kwenye Land Rover ya ami yangu

Ami yangu alituachia Land Rover fupi ya mwaka 1974, pamoja na daftari la shule lililojaa hesabu: lita alizotia, safari alizokwenda. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala kwenye sifuri tangu alipolitia tangi viraka na kulipaka rangi upya, basi daftari ndilo lililokuwa geji yake.

Mimi hesabu hizo zilinishinda. Msimu wa karafuu gari ilinizimikia Ole, hapa Pemba, usiku, nyuma nina magunia ya karafuu mbichi. Anayeijua karafuu anajua maana yake: ikilala guniani hupata moto, na asubuhi unaanika mpeta, yaani karafuu iliyoharibika. Mazao ya wiki nzima ya watu wa nyumbani yalikuwa mikononi mwangu, nami natafuta dumu la petroli.

Nikaagiza geji nyingine Unguja. Ikaja kwa meli hadi Mkoani, nikaifunga, mshale ukalala vile vile. Fundi mmoja akanishauri ninunue na boya la tangini, kile kifaa kinachoelea kwenye mafuta na kuiarifu geji. Kabla ya kutoa pesa tena nikenda kwa mzee jirani yetu aliyefanya kazi ya umeme wa magari ujana wake wote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, umeme umeupa njia ya kwenda. Ya kurudi je?"

Katika gari hizi umeme hutoka kwenye geji kwa waya mmoja tu, wa kijani wenye mstari mweusi, ukaingia kwenye boya. Kurudi hauna waya: hupita kwenye bati la tangi, bolti zake, chesisi (fremu ya chuma ya gari), mpaka hasi ya betri. Hiyo ndiyo ethi. Tangi likijaa, boya hupunguza ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, umeme unaongezeka na mshale unapanda. Njia ya kurudi ikiziba, geji huona tangi tupu hata kama umetia lita arubaini.

Tukanyanyua mto wa kiti cha dereva, maana tangi liko chini yake. Mzee alisisitiza jambo moja: pale pana mvuke wa petroli, cheche haitakiwi. Kila waya tuliufunga swichi ikiwa imezimwa na hasi ya betri imetolewa, ndipo tukarudisha umeme. Kwanza tuliuvua waya wa kijani kwenye boya tukaubana kwenye chesisi. Swichi ilipowashwa mshale ukapanda polepole, kama mtu anayeamka usingizini, ukafika juu kabisa. Tukazima mara moja, kwani hali hiyo huichosha geji. Geji nzima, waya mzima.

Kisha mita ya kupimia ukinzani: ncha moja kwenye bati la boya, nyingine kwenye chesisi. Umeme haupiti kabisa, kama zimetenganishwa na mpira. Nilipoichomoa bolti ya tangi niliona sababu kwa macho. Rangi nyeusi aliyoipaka ami ilikuwa imeingia mpaka chini ya washa, kile kipete cha bolti, na pembeni kutu ya kahawia ya hewa yetu ya chumvi.

Nilikata waya mweusi wa shibri mbili, nikaubana upande mmoja chini ya skrubu ya boya. Upande wa pili, mahali pa chesisi nilipasugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikafunga bolti na washa ya meno inayouma chuma, juu nikapaka grisi ili chumvi isiingie. Grisi ije mwisho, baada ya kukaza. Mita ikasoma ukinzani karibu sifuri: njia ya kurudi imefunguka.

Tulirudisha betri, nikawasha swichi. Mshale ukapanda, ukasimama juu kidogo ya nusu. Nikafungua daftari: kwa hesabu yangu zilibaki lita ishirini na nne, na tangi lote ni kama arubaini na tano. Mzee akainamia dashibodi akautazama, akaniambia nimpeleke kwao Konde, siku nyingi hajawaona ndugu zake.