Tulivyolifuata Swali la Maji Hadi Gedi

Swali lililotupeleka Pwani alilitoa mtoto wetu wa kati akiwa bustanini, ameshika mtungi wa kumwagilia. Kwetu Kitengela, kusini mwa Nairobi, tunalima kwenye udongo mweusi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi hadi unyayo wa mtoto unaingia ufani, na mvua ikinyesha hauachi kiatu kitoke. Maji yetu ni ya kisima kirefu na yana chumvi. Sukuma wiki huvumilia, dhania hunyauka, na kila jioni watoto hugawana madebe ya maji ya mvua yaliyobaki kwenye tangi kwa hesabu kali. Asubuhi ile nilikuwa nimewasomea habari za Gedi, mji wa mawe wa Waswahili ulioachwa msituni karibu na Watamu. Mtoto akatua mtungi wake, akaniuliza: "Mama, hao watu walikuwa wanateka maji wapi? Kwenye ramani hakuna mto."

Baba yao akasema tusimjibu. Twende tukaone.

Sisi ni miongoni mwa familia zinazofundisha watoto nyumbani. Najua suala hili bado lina mjadala Kenya, maana Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka kila mzazi ahakikishe mtoto wake anasoma, na wapo wanaoamini kusoma ni shuleni tu. Siwalaumu. Mimi mwenyewe ni zao la bweni, na walimu wangu walinipenda. Lakini nimeona mambo ambayo watoto wangu huyashika wakiwa na udongo mikononi, nami siwezi kuyapuuza.

Tulipandia treni Athi River, ile ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani. Wengi huikwepa kwa sababu ni ya polepole kuliko ile ya moja kwa moja, lakini kwa mwenye watoto ndiyo treni ya kweli. Inasimama Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, na kila kituo kina rangi yake ya ardhi. Kifungua mimba wetu alikaa dirishani na daftari, akichora udongo kwa kalamu za rangi: mweusi nyumbani, kahawia Emali, kisha kuanzia Kibwezi kwenda mbele wekundu unaozidi kukolea, hadi Tsavo ambako hata ndovu ni wekundu kwa kujimwagia vumbi. Kibwezi aliona mashamba ya mbaazi zilizokauka, zimesimama peke yake mahali ambapo mahindi yalikuwa yameshindwa. Akaandika pembeni: "Mbaazi ina mizizi mirefu." Hilo hakulisoma popote. Alishawahi kuing'oa mbaazi nyumbani, ikamshinda.

Reli ya zamani inaonekana hapa na pale ukitazama nje, nyembamba, ya upana wa mita 1, imelala kwenye nyasi. Hapo baba yao ndipo alipochukua darasa. Aliwaambia jinsi ujenzi ulivyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, na jinsi wafanyakazi zaidi ya 30,000 walivyoletwa kutoka India, ambao kama 2,500 kati yao walifia kazini. Watoto wengi husikia tu kisa cha simba wawili wa Tsavo wa mwaka 1898, walioishia kwenye jumba la makumbusho Chicago. Simba wanasisimua, sikatai. Lakini malaria, kuhara na ajali viliua watu wengi kuliko simba wale, na baba yao hakukubali tuvuke mto Tsavo kabla hajalisema hilo. Kitinda mimba alikuwa anatafuta ndovu. Aliwapata, kundi zima, karibu na mojawapo ya mapito yaliyojengwa chini ya reli mpya ili wanyama wavuke.

Mombasa tulilala tu. Kesho yake tukapanda matatu ya Malindi, barabara ya mkonge wa Vipingo, daraja la Kilifi, kisha mikorosho na minazi hadi njia panda ya Gede, kijiji kilicho kando ya magofu ya Gedi.

Tulipanga vyumba kwa bibi mmoja wa Kigiriama, mjane mwenye shamba la ukubwa wa kutosha kutembeza watoto asubuhi nzima. Wanawe wanafanya kazi mjini. Watoto walimwamkia shikamoo, naye akawaambia wamwite Hawe kama wajukuu zake wanavyomwita. Staftahi ya kwanza ilikuwa mahamri na mbaazi za nazi, na yule wa daftari akaitazama sahani yake kwa muda. Mbaazi ileile ya Kibwezi. Hawe akampeleka nyuma ya jiko akamwonyesha mti wake, bado una maua ya manjano, na pembeni yake mihogo, kunde na mchunga uliojiotea wenyewe. Mchunga ni mboga chungu. Huchemshwa, maji ya kwanza humwagwa, kisha hutiwa tui. Nyumbani kwetu tungeung'oa tukidhani ni gugu.

Nilichotaka kukisema zaidi katika simulizi hii ni kuhusu Gedi yenyewe, kwa hiyo nifike huko.

Tuliingia mapema kabla jua halijawa kali. Msitu umeufunika mji. Mitini imekumbatia kuta, mibuyu imesimama katikati ya vyumba, na kima wanarukaruka juu ya makaburi wakitafuta mwenye ndizi. Mzee aliyetutembeza alikuwa na subira ya pekee. Badala ya kuanza na masultani alianza na nyumba, kwa sababu mwanaakiolojia James Kirkman, aliyechimba hapa kuanzia mwaka 1948 kwa miaka kumi hivi, aliziita nyumba kwa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake. Ipo Nyumba ya Mkasi. Ipo Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Shanga ya Venisi, Nyumba ya Sarafu ya Kichina. Kwa mtoto wa miaka mitano hili ni jambo kubwa. Alisimama kwenye mlango wa Nyumba ya Mkasi akauliza ni nani aliyeupoteza, na kama mama yake aligomba.

Mkubwa alikuja na kamba ya kupimia. Akapima chumba, akapima cha pili, akapima cha tatu, kisha akalalamika kwamba matajiri hawa walijenga vyumba virefu lakini vyembamba, upana kama mita 2 na nusu tu. Mbona hawakutanua, na mawe yalikuwepo? Mzee akacheka kwa furaha. "Binti yangu, nenda hori la Mida kesho, ukautazame mkoko. Kisha uje uniambie."

Na maji? Mtoto wa kati hakuwa amelisahau swali lake hata dakika moja. Msikiti Mkuu, uliojengwa karne ya 15, una mkuki uliochongwa juu ya mojawapo ya milango yake, nasi sote tulikuwa tunautazama huo, lakini yeye alikuwa ameshakwenda kuinama ukingoni mwa kisima. Kirefu, kimejengewa mawe. Kando yake birika la kutawadhia. Alifuata njia ya maji kwa kidole kutoka kisimani hadi birikani, kisha akaenda nyumba hadi nyumba akitafuta visima vingine, vyoo na mahali pa kuogea, akavipata. Mji mzima ulikuwa unakunywa kutoka chini ya ardhi. Hakuna mto, hakuna chemchemi.

Mzee akatukalisha penye kaburi lenye tarehe, lililochongwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Akatueleza kwamba Gedi iliachwa mwanzoni mwa karne ya 17, na kwamba hakuna sababu moja inayokubaliwa na wote. Wapo wanaotaja vita na wavamizi. Wapo wanaotaja biashara kuhamia kwingine baada ya Wareno kufika. Na wapo wanaosema maji yalishuka, visima vikawa havifikiwi. Mtoto wangu aliposikia la mwisho alinyamaza, kisha akasema taratibu: "Kisima chetu kikikauka, na sisi tutahama?"

Sikuwa na haraka ya kumtuliza. Nilitaka abaki nalo. Amemwagilia mimea tangu alipoweza kubeba kopo. Anajua debe moja linatosha mistari mingapi. Kwake kushuka kwa maji si sentensi ya kitabuni, ni dhania iliyokufa. Ndiyo maana siku hizi siwezi kutenganisha saa ya bustani na saa ya historia kwenye ratiba yetu, na nikiona familia nyingine zikiifanya bustani kuwa mapumziko baada ya masomo, natamani niziombe zijaribu kuigeuza.

Mwaka 2024 UNESCO iliiingiza Gedi kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mzee alilisema hilo kwa fahari iliyo haki yake. Mimi nilifurahi zaidi kuona kundi la watoto wa shule ya jirani wakicheza chini ya mbuyu, wamezoea kuta zile.

Kabla hatujatoka tuliingia kwenye mradi wa Kipepeo, ulio hapo hapo tangu mwaka 1993. Wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viwavi, na vifukofuko vyao huuzwa nje ya nchi kwa wenye maonyesho ya vipepeo. Wanangu humtoa kiwavi kwenye sukuma bila huruma. Hapa walimkuta analishwa majani ya mti wake maalumu, kila aina na mti wake, na mkulima anayelinda msitu kwa sababu bila miti ile hana kipato. Mvulana wetu alimuuliza mama aliyekuwa pale kama mfugaji wa viwavi huitwa mkulima au mfugaji. Mama akamwambia, "Mwanangu, ada za shule zinalipwa, niite upendavyo."

Mida tulikwenda maji yakiwa yamekupwa. Kuna daraja la mbao linalopita juu ya mikoko hadi kwenye maji ya hori, na kijana wa kijiji alitutajia miti kwa kuigusa: mkoko, muia, mkandaa, mchu, mlilana. Akatuonyesha jambo ambalo watoto walilirudia kwa siku nyingi: mbegu ya mkoko huchipua ikiwa bado inaning'inia kwa mama yake, hurefuka kama kidole cha kijani, kisha huanguka ikajichoma topeni. Walipewa miche, wakavua viatu, wakapanda. Tope hadi magotini. Kitinda mimba alipanda wake akausemesha.

Binti mkubwa yeye alikuwa anatazama shina. Akamuuliza kijana boriti ya mkoko hupatikana urefu gani. Kijana akanyoosha mikono, akaongeza hatua moja. Nikamwona binti anafungua daftari, anatafuta vipimo vya jana. Dari za Gedi zilibebwa na boriti za mikoko, na chumba hakingeweza kuwa kipana kuliko boriti. Mkoko ndio uliopanga upana wa nyumba za Waswahili kuanzia Lamu hadi Kilwa. Alikimbia darajani kumwambia baba yake, mbao zote zikitetemeka.

Jioni ile Hawe aliwasimulia habari za Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyeongoza upinzani dhidi ya Waingereza, huku akikuna nazi. Kuku na vifaranga vyake, mzungu akinyoosha mkono kuchukua kimoja, kuku akimdonoa: ndivyo Mekatilili alivyowaonyesha watu wake wangefanya nini vijana wao wakidaiwa. Alicheza ngoma ya kifudu kijiji kwa kijiji akiwakusanya watu, akakamatwa mwaka 1913, akapelekwa mbali magharibi mwa nchi, akatoroka na kurudi kwa miguu. Mwaka 1914 Waingereza waliivunja Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama msituni, kwa baruti na kuwataka watu waondoke ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, penye ardhi yao nzuri ya mahindi. Walitaka kodi na walitaka vibarua wa mashamba ya wageni. Hawe alisema, "Mtu ana shamba lake linamlisha, utamwambiaje akalime la mwingine?" Watoto waliuliza maswali mpaka nazi ikaisha.

Fort Jesus tuliipitia tukirudi. Ni ngome kubwa, Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, na kisa cha kuzingirwa kwake na Waomani kuanzia 1696 hadi 1698 kingestahili safari nzima. Lakini watoto walikuwa wamechoka na mimi pia. Walichokipenda ni kuta, wakazikwaruza kwa macho wakitafuta matumbawe, kwa sababu mzee wa Gedi alikuwa amewaeleza jinsi matumbawe yanavyochomwa juu ya lundo la kuni mpaka yawe chokaa ya kushikanisha mawe.

Ndipo kwenye treni ya kurudi mvulana akauliza kama kuna mahali watu walijenga kuta kubwa bila chokaa kabisa. Yapo, tena hapa Kenya: Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, mawe yamepangwa juu ya mawe bila kitu kati yake, na kuta nyingine zinapita mita 4. Tumeshaanza kuweka akiba ya nauli. Kwa sasa nyuma ya nyumba kuna rundo la mawe, na kila mmoja anajaribu kuinua ukuta wake kuzunguka kitalu cha kunde. Wa binti umefika kiunoni. Wa mvulana umeanguka mara kadhaa, naye amegundua kwamba jiwe refu linapaswa kulala kuelekea ndani.