Nilivyopima nafasi inayochukuliwa na sukari ndani ya maji, hapa Moshi

Kila niliyemuuliza alinijibu vilevile: chukua silinda, weka maji, tia sukari, soma yalipofika. Ushauri wa mtu ambaye hajawahi kujaribu! Gramu 10 za sukari kwenye gramu 100 za maji zinaongeza kama mililita 6.2 tu, na silinda yetu ya shule ina alama kila mililita moja. Hapo unabahatisha, hupimi.

Mimi nilikwenda kwa uzito. Chupa ya densiti (yaani uzito wa kila mililita) ya ujazo wa mililita 25, ile yenye kizibo cha kioo chenye tundu jembamba, na mizani inayosoma hadi gramu 0.001. Maji ni ya betri (yaliyokenekwa, si tindikali), elfu mbili tatu hivi duka la spea. Yachemshe, yapoe, la sivyo viputo vitaganda ndani ya chupa.

Kazi ni joto. Moshi ya Februari saa nane mchana si ya kuchezea. Unajaza chupa, unaifuta, unaiweka kwenye mizani, na tarakimu ya mwisho inashuka huku unaitazama: tone limechomoza tunduni, linakauka, jingine linapanda. Kuishika kwa kiganja tu kunatosha kulisukuma nje. Mwalimu mwenzangu wa fizikia akasema, "Washa feni, Mwalimu." Ikawashwa. Mizani ikacheza sindimba.

Dawa ilikuwa deli. Niliazima kwa dada anayeuza lambalamba getini (malipo soda moja, na maswali mengi), nikalijaza maji ya nyuzi 25, themomita ndani. Chupa inazama hadi shingoni, nusu saa. Halafu hapa ndipo najisifu: napima alfajiri, maabara ikiwa na baridi kuliko deli. Chupa ikitoka inapoa, kimiminika kinasinyaa na kurudi ndani ya tundu badala ya kumwagika. Uzito unatulia tuli.

Anza na maji matupu, densiti 0.9970, upate ujazo halisi wa chupa. Usiamini namba iliyoandikwa ubavuni. Kisha ijaze maji ya sukari na upime tena: uzito ukigawa kwa ujazo unapata densiti yake, na densiti hiyo inakupa ujazo wa mchanganyiko wote; toa ujazo wa maji, kinachobaki ni nafasi ya sukari.

Moli moja ya sukari (kipimo cha wanakemia), gramu 342, ilinitokea sentimita za ujazo 210 na ushee. Vitabu vinasema karibu 211. Ikiwa kavu, bila kuhesabu hewa kati ya punje, inachukua kama 216, kwa hiyo ikiyeyuka inabanana kidogo. Ethanoli, yaani pombe tupu, ndiyo inabanana hasa: changanya mililita 50 na 50 za maji, utapata 96 au 97. Hiyo sawa, tumieni silinda.