Orvieto na Civita kwa miguu: soma ratiba ya basi kwanza

Aliyezoea kupanda vilima vya Kampala kama Namirembe au Kibuli kwa miguu hatasumbuliwa na vilima vya Italia ya kati. Mji wa Orvieto upo mita 325 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati Kampala ipo karibu 1,200, kwa hiyo pumzi si shida. Shida ni saa. Huko hakuna boda boda wala steji ya teksi zinazosubiri kujaa. Basi likikuacha, umelala.

Kwenye ratiba tafuta maneno matatu. Feriale ni Jumatatu hadi Jumamosi. Festivo ni Jumapili na sikukuu, ikiwemo tarehe 15 Agosti. Scolastico ndilo linalowaponza wengi: ni siku za shule tu, na shule zikifungwa Juni basi hilo hulioni tena hadi Septemba, ingawa saa yake bado imebandikwa kituoni. Basi la kutoka Orvieto kwenda Bagnoregio, mji unaoshukia kwenda kijiji cha Civita, haliendi Jumapili, kwa hiyo Civita ipange siku ya kazi. Saa zao ni za Kizungu na zinafika 24, hivyo 14.00 ni saa nane mchana.

Tiketi za basi nunua kwenye duka la tabacchi, yaani la sigara, lenye alama ya herufi T. Nunua ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, maana kuanzia saa saba hadi saa kumi hivi mchana maduka mengi ya vijijini hufungwa, na ukikosa tiketi saa hizo utatafuta sana. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa igonge muhuri kwenye kimashine cha stesheni kabla ya kupanda. Usipogonga, inahesabika kama hujalipa, na faini haijali kwamba wewe ni mgeni.

Kutoka Roma Termini hadi Orvieto kwa treni ya mkoa ni zaidi kidogo ya saa moja. Stesheni iko bondeni, na mji umekaa juu ya mwamba wa tufo, jiwe laini la volkano. Mbele ya stesheni kuna funicolare, behewa linalovutwa na kamba ya chuma, hadi uwanja wa Piazza Cahen huko juu mjini. Hapo hapo jirani kuna Pozzo di San Patrizio, kisima alichoagiza Papa Klementi wa Saba baada ya Roma kutekwa mwaka 1527, ili mji usikose maji ukizingirwa. Ngazi zake ni mbili, zimejisokota bila kukutana: punda walishuka kwa moja na kupanda kwa nyingine. Ni vidato 248, na kuteremka kusikudanganye, hivyo hivyo 248 vitakudai wakati wa kurudi. Kiingie asubuhi miguu ikiwa bado mipya.

Kanisa kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1290, liache hadi alasiri. Uso wake unaelekea magharibi, na jua likishuka mozaiki za dhahabu zinawaka. Mabega na magoti yafunikwe; leso moja mkobani inatosha.

Civita di Bagnoregio ni habari nyingine. Tufo yake imekalia udongo wa mfinyanzi, mvua inaula udongo chini, na kingo za mji zinaporomoka. Wakazi wa kudumu wamebaki wachache sana. Gari haliingii. Kutoka kituo cha basi Bagnoregio tembea kama nusu saa hadi daraja la miguu la mita 300 hivi, lenye kiingilio tangu mwaka 2013. Mwinuko mkali uko mwishoni, karibu na lango, na kivuli hakuna, kwa hiyo usilivuke saa sita mchana mwezi wa Julai.

Viatu viwe vya soli ya raba yenye meno. Soli ya ngozi kwenye mawe yaliyosuguliwa na karne za nyayo, yakilowa, ni kama kutembea juu ya sabuni. Vizoeze wiki mbili hapa nyumbani kwanza. Sanduku la magurudumu liache. Mawe yale huyang'oa. Chupa ya maji jaza kwenye mabomba ya mitaani, isipokuwa palipoandikwa non potabile, yaani si ya kunywa. Kahawa kunywa umesimama kaunta, ukikaa mezani bei mara nyingi hupanda.