Mama, damu haikati

Nilistaafu nilipofikisha miaka 60, kama sheria inavyotaka, nikarudi Tukuyu kwenye migomba yangu. Simu hazikustaafu. Vijana niliowalea wodi ya wazazi wametawanyika Ileje, Makete na Kyela, na zamu ya usiku mara nyingi muuguzi yuko peke yake. Wakikwama wananipigia.

Juzi kapiga binti mmoja, mgeni kazini. Hata shikamoo alisahau. "Mama, damu haikati." Nikamwambia aweke simu spika, aiache mezani, mikono yote miwili iende kwa mgonjwa. Kizazi kigumu au laini? Laini. Sugua, usiache. Oksitosini, ile dawa ya kukaza kizazi? Alishampa yuniti 10 mtoto alipotoka. Kondo limetoka lote? Lote, kalikagua. Kibofu je? Kimya. Hapo nikajua. Kibofu kikijaa, kizazi hakikazi vizuri. Akaweka katheta, mpira wa kutoa mkojo, huku mlinzi akipiga namba 115 kuita gari la m-mama, la dharura za wajawazito na wazazi. Kizazi kikaanza kukaza kabla gari halijafika, lakini mgonjwa alipelekwa wilayani hata hivyo. Hapo sikutaka mjadala.

Yote hayo binti aliyasoma chuoni. Alichokosa ni mtu asiyetetemeka wa kumuuliza kwa mpangilio.

Simu nyingine hazina kishindo, na nadhani ndizo zenye faida zaidi. Mtu anataka kuanza magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, kwa mama mwenye kifafa cha mimba: ananisomea dozi, gramu 4 mshipani, 10 kwenye misuli, yaani 5 kila tako, nami nasikiliza kama haruki kitu. (Picha za wagonjwa kwenye WhatsApp sitaki. Nisomeeni.)

Marekani wameifanya kazi hii kuwa ajira. Nesi mzoefu anakaa mbali mbele ya skrini, kamera iko chumbani kwa mgonjwa, nesi mpya akihitaji msaada anamwita. Kituo cha Mercy Virtual, Missouri, kilifunguliwa 2015 bila hata kitanda kimoja cha mgonjwa. Sisi jengo la nini? Tupeni ratiba: usiku wa leo simu anashika fulani, leseni yake iko hai, analipwa, na alichoshauri kinaandikwa kwenye faili. Sasa hivi nikipitiwa na usingizi, au mvua ya huku ikivuruga mtandao, binti hana pa kukimbilia. Na nikikosea dozi, atakayeulizwa ni yeye peke yake.

Ninachoogopa ni wakubwa kusikia habari hii wakaona wamepata njia ya kupunguza watu zamu. Mimi kwenye simu siwezi kusugua kizazi. Anayeniuliza akiwa peke yake usiku anahitaji mwenzake wodini kwanza, halafu ndipo mimi.

Kwa sasa bando nanunua mwenyewe, na malipo yangu ni mchele anaonitumia yule wa Kyela kila mavuno.