Chipu ya bei chee imenila wiki nzima
Jamani, nimeisha! Wiki nzima hapa Sakina, Arusha, nahangaika na kifaa cha kupima joto kwenye banda la vifaranga la shemeji. Ili kiingie mtandaoni kwa waya, nilichukua chipu ya Ethernet ENC28J60 kwa ajili ya bei. Ikawa inazimika kila mara: pini ya volti 3.3 ya Arduino Uno (kibao cha kompyuta ndogo kinachoendesha kifaa) inatoa miliampea 50 tu, chipu ikituma data inataka hadi 180. Na inavyochemka, utadhani pasi! Nikaipa umeme wake. Kumbe mzigo wote wa TCP/IP (kanuni za kuwasiliana mtandaoni) anaubeba Uno, mwenye RAM ya kilobaiti 2. Nimehamia chipu nyingine, W5500: TCP/IP imo ndani, soketi 8 (yaani miunganisho 8 kwa mpigo), bafa (kumbukumbu ya kushikilia data kwa muda) kilobaiti 32. Bei imepanda, ndiyo. Shemeji sasa anauliza kama itapiga na simu.