Zeppelin Iliyokuwa Ikija Uwanda wa Makonde, Novemba 1917

Wazee wa Newala na Masasi wanapoieleza vita ya Mjerumani na Mwingereza, yaani Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, husimulia zaidi njaa, vyakula vilivyochukuliwa ghalani na vijana waliokamatwa kuwa wapagazi. Wana haki ya kuanzia huko, kwa sababu ndiko vita ilikowaumiza. Lakini lipo tukio moja la vita hiyo ambalo watu wa kusini hatulisimulii, nalo linashangaza kuliko mengi: mnamo Novemba 1917 zeppelin, chombo cha angani kama puto refu lenye mbavu na injini, kilichojazwa gesi nyepesi, chenye urefu wa zaidi ya mita 220, kilitoka Bulgaria, kikavuka bahari na jangwa, kikiwa na amri ya kutua juu ya Uwanda wa Makonde.

Kisa hiki chanzo chake ni uhaba wa risasi. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani katika koloni hili la Afrika Mashariki ya Kijerumani, alikuwa amefungiwa njia ya bahari na manowari za Waingereza. Meli ya mwisho kumletea silaha, iliyoitwa Marie, ilijipenyeza hadi ghuba ya Sudi, kusini mwa mji wa Lindi, mwezi Machi 1916, na shehena yake ikabebwa na wapagazi kuingia bara. Oktoba 1917 yalitokea mapigano ya siku nne huko Mahiwa, upande wa Lindi, ambako Waingereza, waliokuwa na askari wengi kutoka Nigeria, walipata hasara ya watu zaidi ya 2,000 waliouawa, kujeruhiwa na kupotea, ilhali Lettow-Vorbeck alipoteza takriban 500. Alishinda, lakini ushindi huo ulimmalizia risasi.

Huko Ujerumani, daktari mmoja aliyewahi kufanya kazi katika makoloni, Max Zupitza, alikuwa amependekeza kwamba msaada upelekwe kwa njia ya anga. Chombo cha kwanza kilichoandaliwa, L57, kiliharibiwa na dhoruba kabla ya kuondoka, kwa hiyo kazi ikapewa L59, chini ya nahodha Ludwig Bockholt. Kilipakiwa takriban tani 15 za mizigo: bunduki za rashasha, risasi zaidi ya 300,000, magunia ya dawa na bandeji, barua, hata vifaa vya kushonea. Kwa kuwa huku hakukuwa na haidrojeni, ile gesi nyepesi ya kukielesha, ya kukijaza tena, safari ilipangwa iwe ya kwenda bila kurudi, na chombo chenyewe kingetumiwa chote kama ng'ombe wa karamu asiyetupwa hata kwato. Kitambaa cha nje kingeshonwa mahema, mifuko ya gesi ingegeuzwa mifuko ya kulalia, mbavu zake za metali nyepesi zingejengewa vibanda na mlingoti wa simu ya upepo, injini zingezalisha umeme, na ngozi iliyotandikwa kwenye njia ya kupitia ndani ingekatwa ikawa viatu.

Mtu anayeujua Uwanda wa Makonde atauliza kingetua wapi. Zeppelin ilihitaji mahali pawazi na watu wengi sana wa kuzishika kamba zake isipeperushwe. Uwanda wetu ni wa mchanga unaonyonya mvua yote, una vichaka vilivyosongamana, na juu yake hapana mito, ndiyo maana kwa vizazi vingi akina mama wa Newala waliteremka bondeni kuteka maji na kuyapandisha kwa kichwa. Waliopanga safari walihesabu hadi nyuzi na sindano. Kufyeka uwanja, kushika kamba na kubeba tani hizo zote kungekuwa kazi ya Wamakonde, Wayao na Wamwera, ambao hakuna aliyewauliza neno. Hapo ndipo kisa hiki kinaponigusa zaidi, kwa sababu mpango mzima ulitegemea mabega ya watu ambao hawatajwi popote ndani yake.

L59 ilipaa kutoka Jamboli, Bulgaria, asubuhi ya tarehe 21 Novemba 1917, ikapita juu ya Uturuki, ikakatiza Bahari ya Mediterania na kuingia jangwa la Misri. Mchana hewa ya moto iliirusha juu na chini mpaka wahudumu wakatapika, na mng'ao wa mchanga ukawaumiza macho na kichwa. Usiku baridi ilisinyaza gesi, na chombo kikashuka hadi kukaribia kugonga ardhi. Injini moja iliharibika, nayo ndiyo iliyoendesha mtambo wa kutuma ujumbe, kwa hiyo tangu hapo waliweza kusikia bila kujibu.

Usiku wa kuamkia tarehe 23, wakiwa takriban kilomita 200 magharibi mwa Khartoum, wakapokea amri ya kurudi. Wapo wanaosimulia kwamba Waingereza ndio waliotuma ujumbe wa uongo. Mimi siukubali usimulizi huo, ingawa unavutia, kwa sababu hali halisi inatosha kueleza: katikati ya Novemba Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondolewa Chiwata, upande wa Masasi, na walikuwa wakisukumwa kusini kuelekea Ruvuma, kwa hiyo mzigo ule ungeangukia mikononi mwa adui. Chombo kilirejea Jamboli tarehe 25 Novemba, baada ya saa 95 na kilomita 6,757 bila kutua, na mafuta yaliyobaki yalitosha zaidi ya siku mbili nyingine, maana yake ni kwamba kingeweza kufika Newala. Tarehe 7 Aprili 1918 kililipuka juu ya bahari karibu na Otranto, Italia, na wote waliokuwemo wakafa pamoja na Bockholt.

Siku ileile L59 iliporejea Bulgaria, Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma na kuishambulia ngome ya Wareno huko Ngomano, mahali ambapo mto Lugenda unaingia Ruvuma. Mamia ya wagonjwa na majeruhi alikuwa amewaacha nyuma, akabaki na Wajerumani wapatao 300, askari Waafrika wapatao 1,700 na wapagazi wao. Ngomano aliteka bunduki na risasi kwa wingi, na kwa hizo akaendelea kupigana mwaka mzima, mpaka aliposalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Kilichotarajiwa kushuka kutoka angani kilipatikana kwa damu ng'ambo ya mto, na wapagazi wakatwishwa tena.